Poda Juu ya Samli

Poda mbaya naijua kwa vidole kabla sijaiona kwa macho. Nachota kidogo, nasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na ikikwaruza hata chembe moja nafunga kopo na kumrudishia mwenyewe. Wajukuu wangu hucheka. Wananiletea vikopo vya plastiki kutoka mjini, vya kila rangi, halafu wananitazama nikivikagua utadhani nanunua unga wa uji wa mgonjwa. Wacheke tu. Elimu hii niliipata ndani ya nyumba moja ya udongo huko Kirushya, wakati wa vita vya Kagera, nikiwa bibi harusi niliyekatazwa kutoka nje.

Sisi kwetu ni Wasukuma. Baba alihama Shinyanga na ng'ombe wake kutafuta malisho, akafika Biharamulo, na operesheni ya vijiji ilipopita tukajikuta tumepangwa kwenye mstari wa nyumba karibu na Nyakanazi. Mume wangu alikuwa Mhangaza wa Ngara, kibarua wa barabara. Alikuja nyumbani kuomba maji ya kunywa. Kesho yake akaja tena. Alipokuja kwa mara nyingine na chupa yake imejaa, mama akasema huyu kijana ama ana ugonjwa wa kiu ama ana jambo. Basi, nikafundishwa katekisimu, nikabatizwa, tukafunga ndoa parokiani kwao, nikaingia Kirushya na sanduku la bati. Ndani ya sanduku, chini kabisa, nimeviringisha kwenye kitenge, kulikuwa na kopo la poda.

Lilikuwa kopo la duara, limechorwa maua yaliyoanza kubabuka. Nililinunua njia panda ya Nyakanazi kwa mchuuzi aliyekuwa akipita, na nilikuwa na sababu. Kwa watu wa kule enzi zile, bibi harusi mpya alikaa ndani. Halimi, hachoti maji, anapakwa samli ya ng'ombe mwili mzima mpaka anang'aa, na uani haonekani ovyo. Halafu inakuja siku ya kumtoa. Ndugu wa pande zote wanakusanyika, mume anasimama mlangoni, bibi harusi anavuka kizingiti, na kutwa nzima watu kazi yao ni kumtazama uso. Wanawake wanasogea karibu, wanainama, wanapima. Na mimi uso wangu, jamani, ulikuwa unatoa mafuta kama karanga kwenye kikaango. Nilitaka poda itakayokaa usoni kuanzia asubuhi mpaka wageni waage.

Siku hiyo haikufika. Vita ilifika kwanza.

Mume wangu alikuwa amepitia mafunzo ya mgambo, kwa hiyo alipoitwa hakukuwa na la kujadili. Aliondoka asubuhi na wenzake kwenye lori. Pale mlangoni alinigeukia, akanichekea, akasema, "Usitoke mpaka nirudi nikutoe mwenyewe." Alikuwa anatania. Niliona kabisa anatania, maana jicho moja lilikuwa limefumba nusu. Lakini mama yake alikuwa nyuma yangu, akasikia, na yeye utani huwa haumwingii kirahisi.

Tangu siku ile nikawa siruhusiwi kuvuka mlango wa mbele. Chooni nilipitia nyuma, nimejifunika kanga hadi puani. Mwanzoni niliona ni jambo la majuma tu. Maharage yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena, na mimi bado niko ndani.

Kilikuwa kijiji cha ujamaa, na shamba la kijiji lilitaka mikono. Balozi wa nyumba kumi akaja, mtu mpole mwenye shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Nikiwa nyuma ya pazia nilisikia kila neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, nimekuja kuhusu mkweo. Wenzake wako shambani. Watu wanauliza."

"Wanauliza nini? Hajatolewa."

"Si mumtoe?"

"Nani amtoe? Mwenye kumtoa yuko vitani." Halafu akasema kwa sauti ya chini ambayo nadhani hakutaka niisikie. "Nikimtoa bila mwanangu, nitakuwa nimesema mwenyewe kwamba harudi. Unataka niseme hivyo?"

Balozi hakutaka. Aliaga akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika pazia, maana mpaka dakika ile nilidhani nimefungwa na mila tu. Kumbe mlango ule ulikuwa umeshikilia uhai wa mume wangu. Mimi nikivuka, yeye amekufa. Basi na mimi nikaacha kunung'unika, nikaanza kuogopa kutoka kuliko nilivyoogopa kukaa.

Lakini mtu hawezi kuogopa kutwa kucha. Na mimi tangu utoto ni mtu wa kutaka kujua. Nikafungua sanduku.

Kila asubuhi mama mkwe alikuja na kibuyu chake cha samli, akanipaka kuanzia utosini. Alikuwa na mikono mikubwa, anapaka kama anayesiliba ukuta. Siku ya kwanza nilimwacha amalize, akatoka, nikachukua kile kipande cha manyoya kilichokuja na kopo, nikajipaka poda juu ya samli. Loo! Mama yangu! Ikawa uji. Nikazidisha poda ili ikauke, ikawa ugali. Mama mkwe akarudi kuchukua kibuyu chake, akanikuta. Alisimama akanitazama, nami nimeinamisha kichwa nikingoja matusi.

"Nini hii?" akauliza.

"Poda, Mama."

"Poda ni ya nini?"

"Ya kuondoa mng'ao."

Ebo! Hapo nilikosea. Kwa mwanamke aliyeamka alfajiri kutikisa maziwa ili ning'ae, nimemwambia nataka kuondoa mng'ao. Alichukua kibuyu akaondoka, na mchana alinipa chakula bila kuniangalia. Nilijiona mjinga kweli. Kwetu samli tulikula.

Kesho yake alikuja tena na kibuyu, kama kawaida. Ila kabla hajaanza kupaka alinyoosha mkono. "Lete hiyo kitu." Nikampa kopo. Akanusa. Akachovya kidole, akasugua, akapuliza, akatazama vumbi linavyoelea kwenye mwanga wa dirisha. "Laini," akasema. Halafu akasema neno lililotufanya marafiki. "Sasa kwa nini ilikataa kulala?"

Nieleze kwamba tulikuwa tunaongea Kiswahili, mimi na yeye, na wote wawili kilikuwa kigeni kwetu. Yeye ana Kihangaza chake, mimi Kisukuma changu. Changu kilikuwa cha shule, chake kilikuwa cha sokoni, na "kulala" kwake ilitoka "kurara". Tukikosa neno tulionyeshana kwa mikono. Labda ndiyo sababu hatukugombana sana, maana ugomvi unahitaji maneno mengi.

Swali lake lilikuwa swali langu. Kwa nini poda ilikataa kulala? Tukaanza kutafuta.

Kwanza nilifuta samli yote kwa kitambaa cha maji ya moto kabla ya poda. Poda ikashika vizuri, nikawa mzuri mpaka saa nne, halafu uso wangu wenyewe ukaanza kutoa mafuta yake na poda ikajikusanya puani na kwenye mikunjo ya macho. Mama mkwe akaja na kioo changu kidogo. "Angalia. Ufa." Kweli, palikuwa na nyufa kama ukuta uliosilibwa na fundi mlevi.

Halafu panya wakala kile kipande cha manyoya. Nililia kidogo, lakini kwa siri, maana kilio kilikuwa kimekatazwa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wamepata habari mbaya ya kijana wao, na siku ile mama mkwe aliporudi msibani alisimama katikati ya chumba akasema, "Hapa halii mtu. Hata kwa moshi." Aliamini machozi yanaita msiba. Sikubishana naye, nami nilikuwa ninaamini hivyohivyo kimoyomoyo. Basi nikafuta macho, nikachomoa pamba kwenye mto niliokuja nao kutoka kwetu, pamba ya shamba la baba, nikaisokota ikawa donge, nikaifunga kwa kipande cha kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Na pale nikagundua jambo. Yale manyoya yalikuwa yanapangusa. Donge la pamba lilikuwa linakandamiza. Unachovya, unakung'uta, unabana shavuni, unanyanyua. Unabana, unanyanyua. Poda iliyobanwa haikuanguka hata nikitikisa kichwa kama mbuzi anayefukuza nzi.

Nilimwita mama mkwe kwa furaha hadi akadhani kuna barua.

Shida iliyofuata ilikuwa kopo kupungua. Duka la kijiji wakati ule lilikuwa na rafu, mizani na muuza duka. Sabuni hakuna, chumvi kwa bahati, sembuse poda. Tukasema tuongeze kitu. Tulijaribu unga wa muhogo, tukauchekecha kwa kitambaa. Ulikuwa mweupe na laini, lakini muhogo uliovundikwa una harufu yake, na nzi wa Kirushya nzima wakaja kunipongeza. Mama mkwe akakumbuka udongo mweupe wa kupakia kuta. Uliniwasha, na isitoshe nilipojitazama kwenye kioo nikaona sura ya watu wa matambiko wanaojipaka usoni siku ya kuita mizimu. Naye akaiona hiyohiyo. Akanikimbiza kwenye beseni la maji. "Katekista akipita hapa atasema binti wa Kisukuma ametugeuza dini!" Tulicheka, lakini tuliosha haraka sana.

Na hapo ndipo tulipoiona kasoro ya poda yenyewe. Ilikuwa nyeupe mno. Mimi ni mweusi wa kupendeza, si wa kubahatisha, na poda ile ilinifanya nionekane nimeanguka kwenye majivu. Mama mkwe akaenda jikoni, akakaanga ulezi, akausaga, akausaga tena, akauchekecha kwenye kitambaa kilekile mpaka ukawa kama pumzi. Tukachanganya na poda, kidogokidogo, tukijaribu mgongoni mwa mkono wangu karibu na dirisha, mpaka ikafika mahali ambapo huwezi kusema poda inaanzia wapi na mimi naishia wapi. Harufu yake ilikuwa nzuri, ya uji mtamu kwa mbali. Nawaambia wajukuu, rangi ya poda usichague kwenye kopo, chagua kwenye mkono wako, tena kwenye mwanga wa jua. Wao wanadhani nimesikia redioni.

Tuliijaribu kila namna. Nilisimama juu ya chungu cha maharage kinachochemka, mvuke ukinipanda. Nilitwanga hadi jasho likatoka. Nililala kifudifudi mchana. Jioni mama mkwe ananishika kidevu, ananigeuza kwenye mwanga, anasema "imeshika" au "imekimbia." Jaribio moja tu hatukulifanya. Siku moja nilisema, "Mama, siku ya kutolewa bibi harusi hulia. Tungejaribu machozi. Hata ya kitunguu." Akanikata kwa jicho. "Siyo machozi."

Ulibaki ubishi mmoja, na ulituchukua majuma. Mimi nilishikilia kwamba samli lazima ifutwe yote, ngozi ibaki kavu, ndipo ubane poda. Yeye alishikilia kwamba samli kidogo ibaki. "Acha ngozi inywe," alisema. "Ikishiba, iliyobaki futa, lakini usifute harufu. Halafu bana. Halafu kaa, usiguse, mpaka uji uchemke. Ndipo upanguse iliyozidi." Nilimwambia samli ndiyo adui, tulishaona. Akaniambia adui ni haraka yangu. Kichwa kigumu, yule mama! Nadhani alitaka tu samli yake isitupwe nje ya jambo zima, na mimi nilitaka tu nishinde.

Wakati huo vita ilikuwa imekwisha. Redio ya jirani ilisema, kengele ya parokia ikapigwa, watu wakacheza barabarani na mimi nikicheza ndani peke yangu. Malori yakaanza kurudisha vijana. Kijana wa Kibimba amerudi. Wa mtaa wa chini amerudi. Kila lori likipita mama mkwe alitoka hadi barabarani, akarudi, akashika kazi. Malori yakawa machache. Halafu hayakupita tena.

Balozi alikuja. Safari hii hakuzungumzia shamba la kijiji. Alikaa kwenye kigoda, akazungusha kofia mikononi.

"Mama, wenzake wamerudi."

"Najua. Nina macho."

"Binti wa watu bado mdogo. Wazazi wake wako mbali. Mtoe, mama. Hakuna atakayekulaumu."

Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Nilitegemea jibu lake la siku zote. Halikuja. Alisema tu, "Jumapili. Baada ya misa." Balozi akashukuru, akaondoka.

Jamani! Yule mwanamke ndiye aliyekuwa ameushikilia mlango, na sasa ameuachia. Nilitaka kupiga kelele nimwambie nitakaa, nitakaa hata nizeeke humu. Lakini aliingia, macho makavu, kanga imefungwa kiunoni, mkononi kibuyu na kopo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi.

"Kaa hapa kwenye mwanga," akasema. "Kesho watu watakutazama. Leo tumalize ubishi."

Nikakaa karibu kabisa na mlango, kwa ndani, yeye akachuchumaa mbele yangu, mgongo wake ukielekea nje. Shavu la kulia alilifanya kwa njia yangu. Akafuta samli yote kwa maji ya moto, akakausha, akabana poda. La kushoto akalifanya kwa njia yake. Akapaka samli, akangoja, akafuta nusu nusu, akabana, akaniambia nisiguse. Mimi nilitazama mikono yake tu, sikuthubutu kutazama uso. Uji ukachemka jikoni, akaenda kuuepua, akarudi, akaanza kupangusa.

Pale ndipo nilipoona, juu ya bega lake, watu wawili wanaingia uani. Mmoja alikuwa balozi, anatembea upande upande kama mlevi, kofia amesahau kuvaa. Mwingine alikuwa mwembamba, ana ndevu, buti amezifunga kamba na kuzitundika shingoni, miguu mitupu imejaa vumbi la barabara.

"Mama," nikasema.

"Usiongee, utaharibu."

"Mama..."

"Nimesema usichezeshe shavu!"

Jicho moja la yule mwembamba likafumba nusu.

Sijui niliinuka vipi. Najua nilimsukuma mama mkwe akakaa chini, kopo likabingirika, na mimi nikavuka kizingiti kile, kichwa wazi, miguu mitupu, uso nusu na nusu, mchana kweupe, mbele ya balozi. Hakuna aliyenitoa. Nilitoka. Nilimfikia pale katikati ya uani nikamshika shati kwa mikono yote miwili nikalia, machozi yote niliyokatazwa, ya panya, ya msibani, ya malori, yote. Alinuka moshi na dizeli. Aliniambia alikuwa amelazwa, kwamba hakuwa na namna ya kutuma habari, na mimi sikusikia hata nusu.

"Bibi harusi ametoka mwenyewe!" balozi akapiga kelele, sijui kwa furaha au kwa kutoa taarifa.

Mama mkwe alikuja polepole. Alimshika mwanawe uso, masikio, mabega, kama anayenunua. Alilia bila sauti, mdomo wazi. Halafu akanigeukia mimi. Nikajua sasa ndipo nitakaposhughulikiwa, nimevunja alichokilinda muda wote ule, tena siku moja kabla. Alininyooshea mkono. Akanishika kidevu, kama kila jioni, akanigeuza kwenye jua, shavu moja, kisha la pili. Vidole vyake vilikuwa vimejaa unga wa ulezi. Kamasi zinamtoka, machozi yanamtiririka hadi shingoni, na macho yake yamekazana kunisoma.

"Si nilikwambia?" akasema. "La kushoto limeshika."